Kwanza jua karatasi imebandikwa juu ya nini

Swali, nimelifupisha: "Fundi, mimi na mume wangu tumerithi nyumba ya wazazi wake hapa Milimani, Nakuru, iliyojengwa miaka ya 1950. Dari ya sebule, mita 3.6 kwa 4.2, imebandikwa wolpepa nyeupe yenye vipele vipele, na imepakwa rangi juu yake sijui mara ngapi. Kingo zimeanza kubanduka, kuna doa la rangi ya chai kwenye pembe moja, na kuna nyufa mbili zilizonyooka kama rula kutoka ukuta hadi ukuta. Tunataka dari laini ya plasta. Fundi wa kwanza anasema tupige plasta juu ya hiyo karatasi, kazi ya siku mbili. Wa pili anasema tutafute mashine ya mvuke tuibandue. Tumsikilize nani?"

Dada, kwa sasa msimsikilize hata mmoja. Wa kwanza amekosea kabisa na wa pili amekosea nusu, lakini wote wawili wameandika dawa bila kumpima mgonjwa. Hakuna aliyewaambia hiyo karatasi imebandikwa juu ya nini.

Kilichonikalisha chini niandike kirefu ni hizo nyufa. Plasta ikipasuka yenyewe hupasuka ovyo: ufa hupinda, hugawanyika, hupotea na kuibuka mbele, kama njia ya mbuzi mlimani. Ufa ulionyooka kama rula kwa kawaida ni kiungo cha bodi mbili. Chukueni tepu mpime kutoka ufa mmoja hadi mwingine. Mkipata futi 4, yaani sentimita 122 hivi, basi nyuma ya karatasi kuna bodi za futi 4 kwa 8. Chumba cha mita 3.6 kinameza bodi 3 ubavu kwa ubavu, na bodi 3 zina viungo 2. Hesabu inalingana mno na nyufa zenu, na sitashangaa ikiwa karatasi ilibandikwa siku hizo ili kuficha viungo hivyo.

Kabla sijaingia huko, nimalizane na wazo la kupiga plasta juu ya karatasi, kwa sababu najua litawarudia: ni rahisi, na fundi atasema amefanya hivyo mara nyingi. Dari yenu ni mita 15 za mraba. Skimu, yaani tabaka jembamba la plasta laini, ya milimita 3 tu ni lita 45 za plasta, na ikiwa mbichi ina uzito wa zaidi ya kilo 70. Mzigo huo wa mtu mzima utaning'inia kwa nini? Kwa gundi. Na gundi ya wolpepa za zamani mara nyingi ilikuwa uji, uji kabisa, wa unga wa ngano uliopikwa. Za baadaye zilitumia gundi ya selulosi. Zote mbili zinayeyuka kwa maji, na plasta mbichi imejaa maji. Pale ambapo maji yatapenya, gundi italegea na karatasi itavimba malengelenge. Pale ambapo rangi itayazuia, plasta itakuwa imeshikilia rangi, rangi imeshikilia karatasi, na karatasi imeshikilia uji wa miaka mingi ambao kingo zake mnaziona zimeshaanza kuachia.

Niliyaona haya kwa macho nikiwa kibarua Kisumu, kwenye nyumba ya zamani isiyo mbali na ziwa. Tulikwangua karatasi ya dari, ikatoka, tukaambiwa inatosha, plasta ipigwe kesho. Gundi hatukuiosha. Hewa ya kule ina unyevu, plasta ilichelewa kukauka, na wiki ya tatu kipande cha ukubwa wa sinia kilianguka mezani watu wakila chakula cha mchana. Hakuna aliyeumia. Nilikiokota nikakigeuza: mgongo wake ulikuwa laini, unang'aa, na una rangi ya maziwa yaliyoganda. Plasta ilikuwa nzuri tu, ila haikuwahi kuigusa dari yenyewe.

Basi, tuipime dari. Kwa kisu chenye makali kata dirisha dogo kwenye karatasi, ukubwa wa kiganja, mahali ambapo imeshaanza kuachia. Usikate kwa kina na usikwangue. Ilowanishe, ibandue polepole, tazama. Kisha mmoja wenu apande darini kupitia ule mlango mdogo wa korido, na tochi na barakoa, akanyage boriti tu, aitazame dari kwa mgongo wake. Kule juu ndiko ukweli uliko, kwa sababu hakuna aliyepaka rangi kule.

Ukikuta bodi ya kahawia au ya rangi ya krimu, nyepesi, ambayo ukucha unazama, hiyo ni sofbodi, na nyumba nyingi za umri wa yenu zinayo. Hapo habari za plasta zimekwisha. Sofbodi hunywa maji, hujikunja na hucheza kila mabati yanapopata joto la mchana na baridi ya usiku, na plasta haipendi kuchezewa. Itoeni yote pamoja na karatasi yake, mwekewe bodi za jipsamu kwenye mbao zile zile ikiwa bado nzima, kisha skimu ipigwe kwenye jipsamu. Kuitoa karatasi kwanza ni kuosha sufuria unayoenda kuitupa.

Ukikuta bodi ya kijivu, ngumu, baridi kama kigae, inayolia ti-ti-ti ukiigonga, acha kila kitu, shuka. Katika nyumba ya miaka ya 1950 bodi ya namna hiyo ihesabu kuwa ni ya simenti na asbestosi hadi maabara iseme vinginevyo. Macho hayatoshi, kwa sababu bodi za simenti za siku hizi zisizo na asbestosi zinafanana nayo. Ikiwa nzima na imetulia haina ghasia. Hatari huanza inapokwanguliwa, inapotobolewa kwa drili, inapopigwa msasa au kuvunjwa, maana nyuzi zake ni nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, huingia mapafuni na hazitoki. Saratani inayoletwa na nyuzi hizo hujitokeza miaka 20 na zaidi baadaye, wakati fundi ameshasahau hata jina la mwenye nyumba. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinaihesabu asbestosi kuwa taka hatari, na anayeiondoa na kuisafirisha anapaswa awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kijana wa mkokoteni wa kuitupa kwenye shimo la jirani hafai. Kama hamna uwezo wa kuiondoa sasa, rudisheni kingo za karatasi kwa gundi, mpake rangi, mkae nayo kwa amani. Dari yenye vipele haijaua mtu.

Aina ya tatu ni jipsamu, bodi yenye moyo mweupe kama chaki uliofunikwa karatasi nene pande zote. Hiyo ingeweza kuwekwa pale dari ilipofanyiwa ukarabati miaka ya karibuni. Inabandulika, ila kwa maji machache, nitaeleza.

Na ya nne, ingawa nyufa zenu zinanikatisha tamaa nayo, ni dari ya fito na plasta ya chokaa. Ukiwa darini utaona fito nyembamba za mbao zimepigiliwa kwenye boriti zikiachiana nafasi ya kidole, na plasta imejipenyeza katikati ikajikunja juu yake kama vidonge vya ugali. Aliyewahi kukandika nyumba ya udongo kijijini ameshaelewa: udongo haushikwi na gundi, unashikwa na fito kwa sababu umepita nyuma yake. Vidonge hivyo vikivunjika, plasta inabaki inaning'inia, na wakati mwingine kinachoizuia isianguke ni ile karatasi yenyewe. Ndiyo maana kabla ya kubandua dari kama hiyo huigonga yote kwa vifundo vya vidole. Panapolia kama ngoma pameachia. Pawekeni alama ya penseli, na msipalowanishe kabla ya kupashikiza kwa skurubu zenye washa pana (pete bapa za chuma), zinazoingia kwenye boriti. Kama theluthi ya dari inalia ngoma, mimi huishusha yote. Mafundi wengine huvumilia nusu, nami siwabishii, ila hawataniona nimelala chini yake.

Mkiwa huko juu, tazameni pia ile pembe yenye doa la chai. Inaweza kuwa msumari wa bati umelegea. Lakini katika nyumba za zamani za Nakuru na za magharibi kwa jumla, mimi huwashuku popo kabla ya mvua. Doa la mvua hukua baada ya mvua na huwa na mstari mweusi pembeni kama ramani. Doa la popo lina harufu, na juu yake kuna kinyesi kikavu kama punje za mchele mweusi. Msikifagie kikavu, vumbi lake linaleta ugonjwa wa mapafu. Kilowanisheni kidogo, mkizoe mkiwa na barakoa.

Sasa tuseme mmekuta jipsamu au fito, na dari imetulia. Karatasi inatokaje?

Zimeni mein switchi. Si swichi ya taa ya sebuleni pekee, mein switchi. Volti 240 na maji yanayotiririka kwenye waya wa taa havijuani kwa heri, na nyumba ya umri huo inaweza kuwa na waya wenye ngozi ya mpira uliokauka, unaopukutika ukiugusa. Thibitisheni kwa testa, shusheni taa, funikeni ncha za waya. Fanyeni kazi mchana, madirisha wazi.

Tandikeni turubai sakafuni na magunia juu yake, kwa sababu turubai pekee likilowa linateleza. Msifanye kazi hii juu ya ngazi. Ngazi inakupa nafasi ya hatua moja, nawe utahitaji mikono yote miwili, na shingo itakukumbusha usiku. Tafuteni farasi wawili wa mbao, yaani stendi za miguu minne, na ubao imara wa kutembelea, mwinuko wa kuacha kiganja kimoja hivi kati ya kichwa na dari. Simameni nyuma kidogo ya mnapokwangua, kamwe si chini yake. Miwani ya kinga ni lazima. Na fungeni taulo kuukuu kwenye kifundo cha mkono, la sivyo maji yatafuata mkono hadi kwapani, na hapo ndipo watu hukata tamaa saa nne asubuhi.

Anzeni na kavu. Karatasi yenye vipele mara nyingi ina tabaka mbili, au ina ngozi ya rangi juu inayoweza kuchunwa. Inua pembe iliyoachia, shika kwa mikono miwili, vuta kuelekea kwako sambamba na dari, karibu kuigusa. Usivute kuelekea chini. Ukivuta chini unang'oa kilicho nyuma pamoja na karatasi, ukivuta sambamba unachuna karatasi peke yake. Tofauti hiyo ndogo ya mkono imeokoa dari nyingi kuliko dawa yoyote ya dukani.

Itakayobaki inahitaji maji, na maji hayawezi kupita kwenye rangi. Ikwaruzeni kwa kipande cha msumeno wa chuma, mistari ya kupishana kama wavu, kwa kina cha kupasua rangi na si zaidi. Wengine watawaambia mpige msasa mkali. Kwa rangi za umri huo msithubutu kupiga msasa mkavu, zile za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Nakuru, mji ambao inasemekana jina lake lilitokana na neno la Kimaasai la vumbi, hauna upungufu wa vumbi.

Maji yawe ya uvuguvugu, ndoo ya lita 10 na vijiko 2 vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni haiyeyushi gundi. Inayafanya maji yasambae na kuzama badala ya kujikusanya matone na kukudondokea usoni. Siki nimeijaribu. Nilichopata ni sebule inayonuka achari. Pampu ya kunyunyizia dawa shambani inafaa sana, mradi iwe mpya. Iliyowahi kubeba dawa ya viazi au mahindi iacheni shambani, haioshwi ikatakata kiasi cha kunyunyizia juu ya kichwa chako.

Lowanisha mita moja ya mraba. Kabla ya kuikwangua, lowanisha ya pili. Rudi ya kwanza uinyunyizie tena. Ngoja dakika 15 hadi 20. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo vibarua wengi wanaposhindwa, kwa sababu kusubiri hakufanani na kazi na mwenye nyumba anawaangalia. Karatasi iliyolowa vizuri inabadilika rangi na kuwa nzito, na skrepa, bamba la kukwangulia, inaingia chini yake kama kisu kwenye avokado. Ikigoma, tatizo si nguvu za mkono, ni maji na muda. Nyunyiza tena, kunywa chai. Kwenye jipsamu lowanisha kidogo mara nyingi badala ya sana mara moja, kwa sababu ngozi ya bodi nayo ni karatasi na italegea. Ikichubuka ukaona manyoya ya kahawia, acha hapo, pakauke, kisha pafungwe kwa praima ya mafuta kabla ya skimu. Skrepa iwe ya inchi 3 au 4, na pembe zake mzisugue kwa tupa ziwe mviringo. Pembe kali inachimba mashimo ambayo mtayalipia kwa plasta.

Na mvuke? Fundi wa pili si mjinga. Kwenye ukuta wa tofali wenye plasta ya simenti, mashine ya mvuke ni raha. Kwenye dari, mvuke hupanda, hupoa, hugeuka maji ya moto na kushuka mkononi mwako. Kwenye jipsamu unaichemsha bodi, na kwenye chokaa ya zamani ukishikilia bamba mahali pamoja kwa muda kidogo tu, plasta inavimba na kuachia. Kwa dari yenu ningeiacha. Pasi ya nguo juu ya kitambaa kibichi, ambayo nasikia watu wanaisifu, msiithubutu.

Karatasi ikitoka dari itaonekana safi. Haijawa safi. Inyunyizie maji, ngoja dakika moja, pitisha kidole. Ukihisi utelezi kama wa mrenda, gundi bado ipo. Kwa gundi ya unga kuna kipimo kizuri zaidi: nunueni tinkcha ya ayodini kwenye duka la dawa, mtie matone machache kwenye maji, mguse dari kwa pamba. Panapogeuka bluu nyeusi pana wanga, yaani uji ule. Gundi ya selulosi haitageuka rangi, kwa hiyo kidole kinabaki kuwa kipimo cha mwisho. Osheni kwa sponji na maji ya uvuguvugu, mita moja moja, mkibadilisha maji yakianza kuwa meupe. Mara mbili ni kawaida, mara tatu si ajabu.

Jambo moja linaloweza kuwashangaza: mkiosha, dari inaweza kuanza kutoa tope jeupe lisiloisha. Hiyo si gundi, ni chaki ya zamani iliyopakwa kabla ya wolpepa, unga mweupe uliochanganywa na gundi ya wanyama. Nayo iosheni yote. Ikishakauka bandikeni selotepu, ing'oeni kwa ghafla. Ikitoka na unga, rudini kwenye ndoo.

Kisha acheni ikauke, madirisha wazi. Mkianza Januari au Februari, Nakuru itawakaushia kwa siku chache. Mkianza Aprili katikati ya masika mtasubiri mpaka mnichukie. Viungo vya bodi vibandikwe tepu ya wavu, la sivyo zile nyufa mbili zitarudi mahali pale pale mwaka huu huu. Skimu ipigwe mara mbili, nyembamba, jumla isizidi milimita 3. Rangi ya kwanza iwe ya maji, iliyozimuliwa hadi iwe nyepesi kama maziwa, na isubiri plasta yote iwe na rangi moja, bila madoa ya giza.

Lile doa la chai, hata mkiziba tundu la bati au mkiwahamisha popo, litapenya plasta mpya na rangi mpya kama chai inavyopenya kitambaa cheupe. Lipakeni andakoti ya mafuta, siyo ya maji, dari ikiwa kavu kabisa, kabla ya skimu. Fundi akikwambia rangi ya maji mikono mitatu italificha, mwambie akupakie hiyo mikono mitatu kwanza, na malipo yangoje hadi Jumatatu.